Kidole cha Bwana Kirumbi

Tajiri Kirumbi alifika gereji akifoka. "Mashaka! Niwekee viungio vya shaba kwenye mpira wa mafuta. Hivi vya plastiki vinavunjika kama biskuti, na leo napeleka posa kwa kina Zuhura."

Fundi Mashaka, aliyependana na Zuhura siku nyingi, aliuchomoa mpira. "Ziba hapa kwa kidole, bosi. Ukiachia, petroli itamwagika, na jiko la chapati lile pale. Nakimbilia viungio dukani."

Kirumbi akaziba, nzi akitembea puani mwake. "Mama, zima jiko!" akamlilia muuza chapati.

"Chapati hazijaiva, baba."

Alasiri Mashaka akarudi amevaa kanzu, akinukia pilau.

"Posa yangu imepokewa. Achia tu, bosi. Koki ya tangi niliifunga tangu asubuhi."