Mawe Sita ya Nyani

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Fides Mkude, huko Matombo, wakati wa mavuno ya mpunga mwaka 1971.

"Taa?" aliuliza.

"Iwake," tukajibu.

Palikuwa na ukame. Maji yalibaki ndani ya pango tu, gizani. Nyani alikalia mlango na mawe manane ya tochi, yaani betri, pamoja na globu mbili. Aliyetaka kumulikiwa alimpa nusu ya chakula chake. Wana wa Nguchiro walikuwa na kiu, na chakula hawana.

Nguchiro akaja. "Shikamoo, Mzee Nyani. Tushindane. Taa itakayofika majini na kurudi, pango ni la mwenyewe."

"Marahaba, kidole wewe. Haya."

Nguchiro akachukua jiwe moja la Nyani, akalitia ndani ya mwanzi, akaunga waya na globu. Ikawaka nyekundu, fifififi. Akatia la pili, kichwa kwa mkia. Ikawaka nyeupe, waa.

"Unaona, mzee? Jiwe moja, msukumo mdogo, mkondo mdogo. Mawe mawili, msukumo mkubwa, mkondo mkubwa."

"Na mawe sita?"

"Ah, hayo ni ya wakubwa. Mimi haya mawili yananitosha."

"Basi sita ni yangu," akasema Nyani, akayakumbatia.

Akayapanga kwenye mwanzi mrefu, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, mpaka la mwisho. Akaingia pangoni kwa maringo, akafika penye giza, ndipo akaunga waya. Msukumo ukawa mara tatu. Mkondo ukaja mbio, lakini uzi wa globu ulikuwa ule ule, mwembamba kama unywele.

Pwaa. Nuru ya radi, kisha giza.

"Nguchiro, mbona taa yangu imekufa?"

"Haijafa, mzee. Imevimbiwa."

Nguchiro akampita, taa yake waa. Akajaza kibuyu, akageuka.

"Usiniache huku, mwanangu."

"Nishike mkia, mzee. Tutoke kichwa kwa mkia."

Wakatoka hivyo hivyo, mbele ya wanyama wote. Vicheko vilisikika ng'ambo ya mlima. Wana wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakalia bwabwabwa, na mlango wa pango haukukaliwa tena na mtu.

Fundisho, alisema shangazi, ni kuwaheshimu wakubwa. Wakitaka mawe mengi, wapeni.

"Taa?"

"Izimwe, tumeona."

Shangazi Fides alifariki mwaka 1998. Katika sisi tuliomsikiliza, tumebaki mimi na dada yangu Kolastika. Nyani hayupo tena pale pangoni. Nguchiro yupo, na ana wajukuu.