Ufunguo wa Chumba cha Jua

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zimeshafika lakini lami bado, palikuwa na makao ya wazee juu ya kilima kiitwacho Ndelwa. Kilima chenyewe kina baridi isiyo na adabu, inaingia bila hodi na haiagi. Makao yalikuwa na bweni la wanaume, bweni la wanawake, jiko, stoo, na chumba kimoja upande wa mashariki ambacho jua likichomoza linaanza nacho. Wakakiita chumba cha jua. Kikumbukeni hicho chumba, maana ndicho kitakachotugombanisha hapa.

Katika chumba hicho alilala Tusekile. Alikuwa mhudumu wa wazee, mwanamke wa makamo, mpole, ila ukimchezea anakujibu. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia, mume hakuwa naye, na kwao alikokujua ni Ndelwa. Lakini hakulala peke yake. Alilala na mashine.

Msicheke. Ilikuwa mashine ya kunyanyulia wagonjwa, zawadi ya wageni fulani waliokuja, wakapiga picha, wakaondoka. Ina miguu ya chuma yenye magurudumu, na turubai la kumlaza mtu akanyanyuliwa taratibu bila kuumiza mgongo wa yeyote. Ilikuja na upungufu wa skrubu, fundi wa mjini akaichomelea ikawa kitu kimoja. Baada ya kuichomelea ndipo wakagundua kwamba haipiti mlango wowote wa Ndelwa isipokuwa mlango wa mabawa mawili wa chumba cha jua. Ikawekwa humo. Tusekile akaanikia kanga zake juu yake.

Ndelwa kulikuwa na desturi ya togwa. Mhudumu mpya akifika, wazee wanakaa duara, kibuyu kinazunguka, kila mzee anapiga funda moja, na mgeni anamalizia kilichobaki. Akimaliza wanampigia makofi na kumwambia kuwa sasa ni mtoto wa nyumba. Ni desturi nzuri, na aliyekunywa togwa ile hakuisahau. Tusekile alikabidhiwa kibuyu na Mzee Kyando, aliyewahi kuwa mnyapara wa kutengeneza barabara, mtu wa mwili mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Tangu siku hiyo yeye alimwita Baba, na mzee alimwita mwanangu.

Sasa sikilizeni desturi ilivyopinda. Asubuhi kengele ikilia, wahudumu walikuwa wafanyakazi, na mshahara wa mchana walilipwa. Jioni kengele ikilia tena, waligeuka watoto. Na mtoto akiamka usiku kumgeuza baba yake kitandani, akambadilishia shuka, akampa maji, nani alishasikia mtoto huyo akidai ujira? Ndivyo alivyosema Mama Sanga, msimamizi wa makao, ambaye meza yake ilikuwa stoo katikati ya magunia ya maharage. Hakusema kwa ujanja. Aliamini, na wote waliamini.

Waliamini kiasi kwamba afisa kazi wa wilaya, Bwana Mhando, alipopanda kilima mara ya kwanza na kuuliza usiku wanabaki wafanyakazi wangapi, walimjibu kwa moyo mweupe kuwa usiku hakuna mfanyakazi, wapo watoto tu. Bwana Mhando akaandika kwamba usiku hakuna kazi Ndelwa, akashuka. Tusekile ndiye aliyemjibu. Alimjibu na beseni la kufulia shuka za usiku likiwa kichwani.

Kila alfajiri Tusekile alimnyanyua Mzee Kyando kutoka kitandani, akamketisha kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma uani apate jua. Mzee hakutaka hata kuisikia mashine. Enzi za ujana wake, mwenzake mmoja alifukiwa na kifusi kwenye shimo la kokoto, wakamtoa kwa turubai kama lile, na alipofika juu alikuwa maiti. Mzee akasema kuwa turubai hubeba wafu, na baba hubebwa na mtoto wake. Mama Sanga akasema mzee aheshimiwe. Tusekile akaheshimu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu alisikia la wakuu wote na akavunjika mgongo.

Ilitokea alfajiri yenye ukungu. Mwenzake wa zamu, kijana Ambakisye, alikuwa bweni la pili amemshikilia bibi mmoja aliyekuwa akitapika. Tusekile akaona Baba anatetemeka kwa baridi, akajisemea hatamngoja Ambakisye. Akapenyeza mikono, akanyanyua, na mgongo ukalia kama ukuni mkavu. Walianguka wote wawili, mzee juu, yeye chini. Wakati wanamwinua kutoka sakafuni, kengele ya asubuhi ikalia.

Mmeiona hiyo kengele? Kwa hesabu ya Ndelwa, Tusekile aliumia kabla haijalia. Aliumia akiwa mtoto.

Alirudi kutoka hospitali amefungwa mkanda wa mgongo, ameambiwa asinyanyue tena kitu kizito maisha yake yote. Mama Sanga alimpikia chai ya maziwa kwa mikono yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwahidi kwamba mtoto wa nyumba hafukuzwi, na chumba cha jua ni chake mpaka azeekee humo. Alisema kweli, na Tusekile alijua ni kweli. Alilia kwa faraja.

Ambakisye hakufarijika. Yeye alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, mkewe hafanyi kazi, na usiku wake wote ulikuwa ukiishia Ndelwa bure. Aliona mgongo wa mwenzake akauona wake. Siku ya mapumziko akashuka kilima mpaka wilayani, akamweleza Bwana Mhando kila kitu, togwa na kengele na mashine inayoanikiwa kanga.

Bwana Mhando alipanda tena, safari hii bila kutabasamu. Walikutana uani, wazee wameketi na mablanketi yao. Akamwuliza Mama Sanga mhudumu huyu aliumia akiwa nani. Mama Sanga akajibu kuwa aliumia akiwa mtoto wa nyumba, anamhudumia baba yake, na wazee wote ni mashahidi, maana walikunywa naye kibuyu kimoja.

"Mama, sheria haijui togwa," akasema Bwana Mhando. "Inamjua anayefanya kazi na anayefanyiwa. Lakini neno la mwisho ni la mwenyewe." Akamgeukia Tusekile. "Dada, alfajiri ile ulikuwa nani?"

Hapo Tusekile akaona njia mbili. Akisema mtoto, chumba ni chake mpaka kufa, Baba ni wake, ila mgongo wake haumhusu mtu, na usiku wa Ambakisye utabaki kuwa bure, wake na wa kila atakayekuja kunywa togwa ile. Akisema mfanyakazi, sheria itaingia Ndelwa kwa miguu yote miwili, na hakuna ajuaye itakanyaga wapi. Alimtazama Ambakisye, ambaye alikuwa anasinzia amesimama. Alimtazama Mzee Kyando, naye mzee alikuwa anamtazama yeye tu.

"Nilikuwa kazini," akasema.

Mzee Kyando akashusha kofia ikamfunika uso. Kitendo kile kilimuuma Tusekile kuliko mgongo.

Basi sheria ikafanya kazi yake, na tusiionee, iliifanya vizuri. Ikaamuru usiku wote waliokesha bure ulipwe. Makao yakalipa, na fedha zilizokuwa zimetengwa kununua matofali ya bweni jipya zikaishia hapo. Ikaamuru Tusekile asifukuzwe kwa kuumia, apewe kazi nyepesi, akapewa ya kutunza dawa na kuwapimia wazee vidonge. Ikaamuru mtu asinyanyue mzee peke yake, na wazito wanyanyuliwe kwa mashine. Ikaamuru mhudumu wa zamu ya usiku awe na chumba chake cha kupumzikia, chenye mlango na kitanda.

Mambo yote manne ni haki tupu. Ila vyumba vya Ndelwa havikuzaana.

Wa kwanza kuingia stoo kwa Mama Sanga alikuwa Ambakisye. Alimwamkia, akasema alichokuja kusema. Alisema yeye ndiye aliyeshuka kilima wakati wengine wameridhika, na alijua angeweza kufukuzwa. Alisema sasa anajipumzisha kwenye benchi la jikoni, miguu inaning'inia, na juzi alisinzia huku amemshika bibi mkono, kidogo bibi aanguke. Sheria imesema chumba cha kupumzikia kiwepo, na kisicho na wazee wala jiko wala magunia ni kimoja tu.

"Mama, naomba ufunguo," akasema. "Siombi fadhila. Naomba nisije nikamwangusha mtu."

Wa pili alikuwa Mzee Kyando, na huyu hakuingia, Mama Sanga aliitwa kitandani kwake. Tangu siku ya uani mzee alikuwa hajatoka bwenini. Wahudumu wawili walikuja kumbeba, akakataa. Alisema mgongo mmoja umetosha, hatabebwa tena na mikono ya mtu yeyote. Yuko tayari kwa turubai, turubai lile lile alilolikimbia maisha yake yote. Lakini mashine haifiki bwenini, ni lazima yeye ndiye aifuate ilipo. Akihamishiwa mara moja tu chumba cha jua, akiwa juu ya kitanda chake, basi kila asubuhi mashine itamtoa, naye ataliona jua tena.

"Mtu akishakubali kuingia kwenye kitu anachokiogopa hivyo," akasema, "msimnyime pa kuingilia."

Wa tatu alikuwa Tusekile mwenyewe. Alikuwa amekaa muda mrefu akitumaini hatalazimika kusema. Akasema hana pengine. Nyumba za kupanga ziko mjini, chini ya kilima, na mgongo wake hauwezi kupanda kilima kile kila siku. Akitoka chumbani ametoka kazini, japo hakuna aliyemfukuza. Fidia ya mgongo itakuja, lakini barua zake zina safari ndefu, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

"Chumba hiki uliniahidi, Mama," akasema. "Uliniahidi nikiwa nimelala chali siwezi hata kugeuka."

"Nilimwahidi mtoto wa nyumba," akajibu Mama Sanga. Kisha akaona haya, akainamia magunia yake.

Najua yupo miongoni mwenu anayenung'unika kwamba wagawane. Wagawane vipi? Mwanamke na kijana mwenye mkewe walale chumba kimoja? Mwingine atasema mlango wa bweni upanuliwe. Fundi aliitwa, akapigapiga ukuta wa udongo, akasema ukitoa boriti ya juu ya mlango umetoa na paa. Mwingine atasema wajenge. Matofali yameshaliwa, nimewaambia. Mwingine, naye ndiye mwenye akili, atasema Tusekile abaki na Baba yake humo humo, si ni baba na binti? Hilo Mama Sanga alilifikiria kabla yenu. Akampigia simu Bwana Mhando. Bwana Mhando akasema mfanyakazi hawezi kulazwa chumba cha anayemhudumia, maana hapo usiku wake utakuwa umerudi kuwa kazi ya bure, kule kule walikotoka. Mama Sanga akamwuliza basi chumba apewe nani. Bwana Mhando akasema sheria inasema vitu gani viwepo, haisemi viwepo wapi.

Jioni ile Tusekile akampelekea Mzee Kyando vidonge vyake. Akampimia, akampa maji, akangoja ameze. Mzee akameza, akamshika mkono.

"Ungesema mtoto, sasa hivi tungekuwa wote mle ndani," akasema.

"Ningesema mtoto, Baba, Ambakisye angekesha bure mpaka leo."

"Najua," akasema mzee. "Na bado umeniita Baba."

Tusekile alimfunika blanketi, akazima taa, akatoka polepole kama anavyotembea siku hizi, mkono mmoja ukutani.

Alfajiri iliyofuata Mama Sanga aliwaita wote watatu. Mzee Kyando alituma neno kwamba hawezi kuja, na wote walijua kwa nini. Mama Sanga akawaambia Tusekile na Ambakisye kuwa amekesha akifikiri. Kila akimpa mmoja, anaona wawili anaowadhulumu, na kila mmoja ana sheria mkononi na jasho mgongoni. Akaufunga mlango wa mabawa mawili, akautundika ufunguo kwenye msumari wa stoo, akasema hautatoka pale mpaka apatikane mtu wa kumwambia neno lisilo na dhuluma.

Kengele ikalia. Ambakisye alikuwa anapiga miayo kwenye benchi la jikoni. Mzee Kyando alikuwa amelala bwenini, anausikiliza ua kwa masikio tu. Tusekile alikuwa kibarazani na furushi la nguo zake miguuni, hajashuka kilima, hajaambiwa abaki. Na jua likachomoza, likaanza na chumba chake kama kawaida, likaikuta mashine imesimama peke yake, na juu yake kanga ambayo mwenyewe hakuwahi kuianua.

Ufunguo huo hapo, kwenye msumari. Mimi nimeutazama nikachoka, sasa utazameni ninyi. Je, nani alistahili kupewa? Na wewe utakayeunyooshea mkono, wale utakaowanyima utawaambia nini?