Bi Mize na Mwani wa Maji Yaliyolala

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Mwenye usingizi akanawe uso.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, kulikuwa na kijiji kilichoishi kwa mwani. Wanawake waliufunga kwenye kamba, kamba wakazikaza kwa vijiti baharini. Maji yakajaa, maji yakapwa, mwani ukakua. Mwani ukinawiri, kijiji kinakula. Mwani ukifa, kijiji kinalala na njaa.

Kijijini humo aliishi Bi Mize. Bahari aliijua kama mke anavyozijua tabia za mumewe. Hakujaliwa kuzaa, ila marehemu dada yake alimwachia mtoto mchanga, Zume. Akamlea kwa uji na nyimbo mpaka naye Zume akaolewa, akapata mtoto.

Mashamba yalikuwa mbali, kwenye mkondo, maji yanakopita chwa! chwa! usiku na mchana. Zume alipojifungua, mwendo ule ukamshinda. Akawaambia wenzake:

"Kwa nini tutembee mpaka miguu ivimbe? Ghuba hii hapa, mlangoni petu. Tufunge hapa."

Bi Mize akaingia ghubani. Akatia mguu. Akatia mkono. Maji tuli!

"Mwanangu," akasema, "maji haya yamelala. Jua likiwaka, yatachemka. Mvua ikinyesha, kijito kile kitamwaga tope na maji yasiyo chumvi. Mwani unataka chumvi. Unataka maji yanayotembea."

Zume akajibu, "Mama mkubwa, wewe uliteseka, basi wataka na sisi tuteseke."

Wanawake wakacheka. Kwa! kwa! kwa!

Neno lile likamkwama Bi Mize kama mwiba wa samaki kooni. Akabeba kamba zake, akarudi mkondoni peke yake.

Kipupwe kikaja na ubaridi wake. Mwani wa ghubani ukanawiri, ukajaa kamba nzima. Bi Mize akirudi amelowa, anatetemeka, wanawake wanaitana: "Njooni mumwone mpenda mateso!" Zume alitabasamu tu. Bi Mize akaliona tabasamu lile.

Kisha likaingia jua la kaskazi. Siku moja, maji yamekupwa, Bi Mize akapita ghubani. Maji yakamchoma vifundo vya miguu. Akainama kwenye kamba ya Zume. Ncha za mwani zilikuwa nyeupe, pee! Ncha tu. Mashina yalikuwa mazima bado. Angeita watu, mwani ungehamishwa, vipande vya mbegu vingepona.

Akafungua kinywa. Akakikumbuka kicheko. Akafunga kinywa.

"Watanifuata wenyewe," akasema moyoni. Akapita. Bi Mize huyo, akapita!

Weupe ukatoka nchani, ukashuka mashinani. Mwani ukalainika, tepetepe. Mvua ikanyesha, kijito kikafurika, ghuba ikawa tope. Ukiushika mwani, unakatika, pu! Ukiushika, unakatika, pu! Hata mbegu haikubaki.

Njaa ikabisha hodi. Mume wa Zume akaamua wahamie kwao, bara, safari ndefu. Zume akaja kuaga, mtoto mgongoni.

"Mama mkubwa, nilikuvunjia heshima. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu."

"Laiti ungepita ukauona ulipoanza kuugua."

Bi Mize angeweza kunyamaza tena. Hakunyamaza.

"Nilipita. Ncha zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilikuwa nimenuna."

Zume akakaza mbeleko ya mtoto. Hakutukana, hakulia. Akashika njia, na nyuma hakugeuka.

Maji yalipokupwa, Bi Mize akakata mwani wake wote wa mkondoni, uliokuwa umepona, akaugawa vipande vipande uwe mbegu. Waliomcheka akawapa kwanza. Akawapeleka mkondoni, akakaza kamba nao. Tangu siku hiyo akawa anapita shamba kwa shamba. "Shika maji haya, yana moto, sogeza kamba zako." "Futa tope hilo, mwani unakosa pumzi." Aliyemwuliza, alimwambia. Asiyemwuliza, alimwambia. Aliyemfukuza, alimwambia huku anaondoka.

Watu wakaanza kumwita mwenye hekima. Kila alipolisikia jina hilo aliinamisha uso. "Hekima yangu ilichelewa," alisema.

Na kila msafiri wa bara alimpa ujumbe: "Mwambieni Zume mwani umeota. Mwambieni arudi." Salamu zilirudi: Zume mzima, mtoto anakua. Mwenyewe hakurudi. Bi Mize akazeeka, akafa, akazikwa na kijiji kizima. Zume hakuwapo.

Basi wanangu, kuonya mara moja hakutoshi. Ukichekwa, nuna, kununa si dhambi. Lakini ukiona cha mwenzio kinaharibika, sema hivyo hivyo na kununa kwako.

Hadithi yangu nimeitua hapo.