Manyoya Yaliyozidi

Akina mama, nitasema kwa kifupi, maana najua wengine mmeacha maharage jikoni.

Alikuwepo mama mmoja aliyeishi jirani na bwawa la kumwagilia mashamba. Bwawa lile lina perege wadogo, wa kutosha kiganja. Watu wengi walivua kwa minyoo. Kiangazi kikifika ardhi inakauka, minyoo inazama chini hata kwa jembe huipati, na watu wanaweka fito zao darini. Yeye hakuweka. Alijifunza kufunga mdudu wa bandia: ndoana ndogo, uzi mweusi aliofumua kwenye sweta kuukuu, na unyoya mmoja wa shingo ya kuku. Unazungusha uzi mpaka upate tumbo la mdudu, unalaza unyoya, unauzungusha mara mbili, unapiga fundo, unakata. Chai haijachemka, umemaliza.

Alikuwa na mdudu mmoja ambaye samaki walikwisha kumtafuna mpaka unyoya ukabaki nywele tatu, nne. Ungemwona ungedhani ni uchafu uliotoka mfukoni. Huyo ndiye aliyemlishia watoto kiangazi kizima.

Sasa, jirani yake akajifungua. Siku ya tatu maziwa hayajatoka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Mama yule akaenda kumwona mzazi, akamwambia, "Kesho jioni utakunywa supu ya samaki. Vumilia." Akaenda kulala akiwa ameahidi.

Huyu mama alikuwa na mkamwana, mke wa mwanawe, binti mwenye mikono myepesi na moyo mzuri. Asubuhi, mkwewe akiwa shambani, binti akaichukua ndoana ile ya mdudu aliyetafunwa, akaitazama, akaona haya. Akaifumua yote. Akaifunga upya kwa uzi mwekundu, manyoya sita ya jogoo badala ya mmoja wa kuku, na juu yake uzi wa kung'aa uliobaki kwenye gauni lake la harusi. Ilimchukua mpaka saa sita. Na kusema kweli ilipendeza. Mimi ningeivaa sikioni.

Saa kumi wakaenda bwawani wote wawili. Mama akatupa mshipi bila kuangalia, kama anavyotupa kila siku. Mdudu akaelea juu ya maji kama ua. Akavuta, akatupa tena. Nusu saa ikapita. Saa nzima. Perege wanaonekana kule chini, wametulia kwenye kivuli cha magugu, hawana habari na mtu. Na pale bwawani kilio cha mtoto wa jirani kinasikika.

"Mama, labda leo hawana njaa," binti akasema.

"Samaki asiye na njaa umemwona wapi? Hebu nione hiyo ndoana." Akaivuta karibu. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Nani kaipeleka harusini?"

"Ni mimi, mama. Samaki ni wa mzazi. Nikaona si heshima kumvulia kwa tambara."

"Na mzazi atakula samaki au atakula ndoana?"

Binti akanyoosha mkono aichukue ndoana.

"Sikugombezi, mwanangu. Umefunga vizuri kunizidi. Ila manyoya mengi yanaelea, na samaki wako chini."

Akaishika ndoana kwa vidole, akayang'oa manyoya kwa meno. Akatema, akang'oa tena, mpaka ukabaki uzi na nywele tatu. Uzi wa harusi akaukata, akamrudishia mwenyewe. Binti alikaribia kulia, asubuhi yake nzima ilikuwa imetemwa kwenye nyasi. Mama akatupa mshipi. Mdudu akazama polepole. Kabla mama hajakaa sawa kwenye jiwe, mshipi ukakaza.

Walipata perege saba. Supu ilifika ikiwa bado inafuka, na aliyeibeba ni yule binti. Mzazi akanywa bakuli mbili. Hakuuliza ndoana ilikuwa ya rangi gani. Kesho yake mtoto alinyonya, akashiba, akalala, na nyumba zote mbili zikapumzika.

Mnanitazama mkingoja niseme kwamba Mungu anapenda vitu duni. Sisemi hivyo. Nauliza: yule binti alikosea nini? Alikuwa mvivu? Alikuwa mchoyo? Alikuwa na huruma kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Kosa lake ni kwamba aliipamba huruma yake mpaka ikashindwa kushuka.

Na sisi je? Mama mwenzetu wa safu ya tatu, na ameniruhusu kusema, aliugua mwezi wa tano. Wiki ya kwanza tukafanya kikao. Wiki ya pili tukachagua kitenge, kwa sababu tulisema haifai kwenda kwa mgonjwa kila mtu na nguo yake. Wiki ya tatu fundi akatuchelewesha. Wiki ya nne tukaenda, sare zimenyooka, tunaimba tangu barabarani. Tukamkuta uani anapalilia mchicha. Akajishika kiuno, akatutazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Jamani, leo anaolewa nani?"

Mnacheka. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele, kilemba kimesimama. Nilicheka pia, mpaka nilipofika nyumbani nikajiuliza wiki zile tatu maji alichotewa na nani. Nilikwenda kuulizia. Alichotewa na jirani asiyesali nasi, aliyekuwa akiingia na kanga aliyoamka nayo, anatua ndoo, anatoka.

Je, tulikosa upendo? Hatukukosa. Tulikuwa nao, umekunjwa kwa fundi, unangoja vifungo.

Basi, mwenzetu Mama Atupele katolewa hospitali jana, mguu uliovunjika umefungwa hogo la plasta, na nyumbani yuko peke yake. Tukitoka hapa tunakwenda kwake. Hakuna kupitia nyumbani kubadilisha. Mwenye unga abebe unga, mwenye kuni abebe kuni. Asiye na kitu aje mikono mitupu. Kuna nguo za kufua.