Paja la Ndafu na Kadi ya Picha

Mwajabu, mpiga video wa harusi, alikuwa ameunga kompyuta ya kuhariria kwa vipuri vya mtumba. Ilibaki kadi ya picha tu, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuhariri video, na mfuko ulikuwa umetoboka. Ndipo akaingia tajiri Makyao, mwenyekiti wa kamati ya harusi, jasho likimchuruzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, video uliyonitumia kwa simu inanionyesha nikitia paja la mbuzi wa ndafu mfukoni mwa koti. Kifute kipande hicho, wakwe wataiona kesho!"

"Kesho? Na kompyuta yangu haina kadi ya picha, mzee."

Saa ileile Makyao akaleta kadi mpya. Mwajabu akaipachika, akashukuru, kisha akachukua simu yake na kubofya mara mbili.

"Tayari, mzee."

"Kumbe unafutia kwenye simu?"

"Harusi nzima ndiyo inayotaka kompyuta, mzee. Paja moja hata simu inalimudu."