Teke la Mvua ya Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, wadogo mbele, wakubwa nyuma.

Hapo zamani za kale, mbugani, palikuwa na Kongoni. Nasema Kongoni, mwenye uso mrefu na pembe zilizopinda; msimchanganye na Nyumbu, mwenye ndevu. Nyumbu alikuwa mtani wake.

Kongoni alikuwa hodari wa mbio, ila umri ulikuwa umesogea. Kiangazi kizima alisimama kivulini. Akala, akalala, akasimama tena. Asubuhi kisigino kilimkaza. Jua likipanda kikalegea, naye akakisahau.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Chwaa, chwaa. Kila mwaka siku hiyo wanyama hushindana mbio kwenda kwenye majani mabichi. Nyumbu akamwambia, "Mzee, leo nitakuvunja miguu." Kongoni akamjibu kwamba aikute kwanza hiyo miguu. Wakacheka. Mbio zikaanza.

Puru, puru, puru. Mara, pwa! Kongoni chini. Alisikia teke nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Akageuka. Nyuma yake alikuwa Nyumbu, hakuna mwingine.

Wanyama wakakusanyika, naye Kongoni akasema, "Nyumbu kanipiga teke." Nyumbu akaapa kwamba hakumgusa, na maneno yale yalikuwa utani tu. Lakini mwaka uliopita, siku kama hiyo, Pofu, yule swala mkubwa, naye alisema kapigwa teke, na Fisi aliyekuwa nyuma yake akafukuzwa. Basi Nyati, aliyekuwa mwamuzi, akaamuru Nyumbu avuke mto, akaishi upande wa simba. Nyumbu akaenda, kichwa chini.

Kongoni akautazama mguu wake. Hapana jeraha. Hapana alama ya kwato. Ngozi ilikuwa nzima, ila chini yake ukano mnene, ule mshipa unaovuta kisigino, ulikuwa umekatika, pamebonyea. Akatazama tope. Nyayo zake zilikuwapo. Za Nyumbu zilipita kando, mbali, mahali ambapo mguu wowote usingemfikia. Akazitazama tena. Akachanganyikiwa. Nani, basi?

Akamuuliza Pofu kama teke lake liliacha alama. Pofu akasema halikuacha. Kongoni akamuuliza tena, kabla ya mbio zile alikuwa akifanya nini?

"Kiangazi chote? Nilikuwa nimelala, kama wewe."

Kongoni akatazama mtoni. Maji yalikuwa yamemfika Nyumbu magotini. Ng'ambo, nyasi zilitikisika. Kumkimbilia hakuweza. Akaita kwa sauti, wote wakasikia: "Mtani, rudi. Hukunipiga. Nimekusingizia."

Nyumbu akasimama. "Basi kakupiga nani?"

"Hata sijui. Nadhani kiangazi."

Nyumbu akarudi, akapanda ukingo. Siku ile hakumtania, wala kesho yake.

Basi, wenzangu, mguu uliolala msimu mzima usiukurupushe kwa mbio. Anza kwa kutembea, na kisigino kikikaza asubuhi, kisikilize. Tena, kabla hujamtaja aliyekuumiza, tazama nyayo.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nanyamaza.