Maji ya Chumba cha Mwisho

"Wapangaji watatu, maji kama ya msikiti mzima! Mnayapeleka wapi?"

"Tunafuga kiboko uvunguni, baba mwenye nyumba," alijibu Bi Somoe.

Mzee Mkumba hakucheka. Alibandika notisi ukutani: bili ya maji haijalipwa, wote watoke baada ya siku tatu. Akaondoka bila kukitazama chumba cha mwisho, kilichofungwa tangu maiti ya mama yake ilipooshwa humo kabla ya kuzikwa.

Katika nyumba hiyo, Bi Somoe alijaliwa masikio: chungu kikipasuka nyumba ya tano, yeye amesikia. Kimbau, mchimba visima, alijaliwa mikono. Na Msiwa, aliyeachia shule darasa la sita, alijaliwa macho: andiko halikumpita.

Msiwa aliisoma notisi mara mbili. Wadogo zake angewalaza wapi? Akafungua sanduku, akatoa mkataba, akamfuata mzee.

"Hapa pameandikwa siku thelathini, babu. Wewe umetupa tatu."

Mzee akanuna, lakini sahihi ilikuwa yake. Wakapata muda.

Muda huo Bi Somoe aliutumia kusikiliza. Adhuhuri moja, nyumba imetulia, akamshika Msiwa mkono. "Sikia, mwanangu."

Ndani ya chumba cha marehemu maji yalimwagika kidogo kidogo, kama yanavyomiminwa juu ya maiti. 

"Yanatoka chini," Bi Somoe akanong'ona. "Pale palipokuwa kitanda."

Mzee Mkumba alileta ufunguo, ila kizingiti hakukivuka. Kimbau akachimba mpaka akalifikia bomba. Lilikuwa limetoboka. Akalikodolea macho.

"Tundu hili ni la jembe langu," akasema. "Siku ya msiba mlinichimbisha shimo la kupokea maji ya maiti. Nilifukia bila kuangalia."

Akaliziba. Mita ya maji ikasimama.

Mzee akaichana notisi. "Aliyeiokoa nyumba hii akae chumba cha mama bila kodi, maisha yake yote. Lakini ni mmoja tu."

Bila macho, wangekwisha kutoka. Bila masikio, wangechimba wapi? Bila mikono, maji yangemwagika hadi leo. Ingawa mikono hiyohiyo ndiyo iliyotoboa.

Je, wewe unayesikiliza, ufunguo ungempa nani?

Msiwa aliutamani kwa ajili ya wadogo zake. Adhuhuri iliyofuata, mita bado imesimama, alimkuta Bi Somoe mlangoni pa chumba cha marehemu, sikio limegusa ubao.

"Bado anaoshwa," Bi Somoe alisema.